Vidonge vya Kwaresima

Nilirudi nyumbani Jumanne ya wiki ya tatu baada ya Pasaka, nikiwa na godoro, begi na barua. Barua ilieleza kwamba mimi, Zenon, mwanafunzi wa kidato cha tatu, nimesimamishwa masomo siku kumi na nne kwa kosa la kughushi tangazo la afya. Sikatai. Tangazo langu lilimtaka kila mwanafunzi anayekula maharage ya shule apeleke mkojo kwa nesi kabla ya saa mbili asubuhi, na wavulana tisini na wawili walipanga foleni wakiwa na chupa za soda mikononi. Nesi hakucheka. Mkuu wa shule naye hakucheka, ingawa alipoiona sahihi yake chini ya tangazo aliitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayejiuliza aliiweka lini.

Baba na mama wako Kasesya, wanahangaika na malori ya mpakani, kwa hiyo kifungo changu nilipangiwa kukitumikia kwa Bibi Silvana, mama yake baba, kijijini kwetu, mwendo wa saa nzima kwa bodaboda kutoka Sumbawanga. Njiani niliandaa utetezi wa kurasa tatu. Sikuutumia. Nilimkuta anatoka bombani na ndoo nusu, miguu ameitanua, anakanyaga polepole kama anavuka mto juu ya gogo. Alipofika mlangoni aliukosa. Bega liligonga fremu, maji yakamwagika, akasimama akiulaumu mlango kwa Kifipa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Wamekufukuza?"

"Wamenipumzisha."

Alinikazia macho, akafumba moja, akalifumbua. "Sasa mbona mmekuja wawili?"

Nilicheka. Nilidhani kwa mara ya kwanza katika historia ya ukoo wetu kuna mtu mwingine anayejua kutania. Kisha nikaona kwamba yeye hacheki, na kwamba maneno yake yanatoka mazito, yanaburuzwa, kama ulimi umevaa gambuti.

Jioni ile alikuja Mzee Valerian, katekista wetu, mtu mwembamba mwenye koti ambalo halivui hata kiangazi. Hakuingia ndani. Aliniita pembeni ya kibanda cha kuku.

"Zenon, bibi yako ameanza lini?"

"Ameanza nini, mzee?"

Akainua kidole gumba mpaka mdomoni, akakiinamisha. "Jumapili iliyopita alipanda kusoma somo. Akayumba. Akashika meza ya maua, maua yakaanguka, yeye akafuata. Mbele ya Padri, Zenon. Mbele ya watoto wa komunio ya kwanza."

"Bibi hanywi. Baba anasema aliacha kabla mimi sijazaliwa."

"Hata mimi nilisema hivyo. Nimesema mpaka nimechoka." Na kweli alionekana amechoka. "Jumamosi jumuiya ya kanisa inakaa kumjadili. Unajua ameiongoza miaka kumi na mmoja. Na unajua mwenyewe alivyowatoa wale wawili uongozini kwa sababu ya pombe ya ulezi. Hakuwahurumia. Na wao wana kumbukumbu nzuri sana."

Hilo lilikuwa jambo la kwanza. La pili nililijua mimi zaidi ya katekista. Miaka mitatu nyuma Bibi alipata kiharusi, kidogo tu, cha kumpindisha mdomo wiki mbili. Mdomo ulirudi, lakini kikamwachia kifafa. Mara ya mwisho alianguka karibu na jiko, na kovu la mkono wa kushoto analificha kwa kitenge. Tangu hapo anameza vidonge vya fenitoini, asubuhi na jioni, na kila baada ya miezi kadhaa anakwenda Sumbawanga kupimwa damu waone dawa iliyomo ni kiasi gani. Daktari alimwambia: ikipungua utaanguka, ikizidi itakudhuru. Katikati hapo ndipo pa kuishi, na ni pembamba.

Sasa nilikuwa na bibi anayeona wajukuu wawili. Na ikumbukwe kwamba mmoja tayari alikuwa mzigo.

Kesho yake tukapanda bodaboda tukiwa tumemweka katikati, mimi nyuma nikimshika kiuno asidondoke. Asubuhi ya huku juu ni baridi ya kuuma meno. Bibi hakulalamika, ila kila tulipokata kona alisema, "Yesu wangu," kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa. Hospitalini tulikaa kwenye benchi saa nne. Nilizihesabu. Nilisoma mabango yote ya kunawa mikono, nikasoma tena kuanzia mwisho. Bibi alilala begani kwangu, akiwa mzito kama gunia la mahindi mabichi, na nikagundua kwamba sijawahi kumwona amelala mchana.

Daktari Ndalahwa alikuwa mama wa makamo, mtu wa Kanda ya Ziwa, mwenye viatu vya raba na sauti ya mtu aliyekunywa chai saa kumi na moja alfajiri na hajanywa tena. Alimwambia Bibi afuate kidole chake kwa macho. Macho yalifuata, lakini yakawa yanarukaruka pembeni, hayatulii.

"Mama, unatembeaje?"

"Vizuri."

"Anagonga milango," nikasema.

"Milango ya siku hizi," Bibi akasema.

Daktari alitabasamu kidogo, kisha akafungua kadi. "Mwezi wa tatu ulikuja hapa. Ulikuwa na vidonge vitatu kwa siku, kimoja asubuhi, viwili jioni. Tulipima damu, dawa ndani yake ikasoma sita. Tunataka iwe kati ya kumi na ishirini. Nikakuongezea kimoja, vikawa vinne. Umekuwa unameza vizuri?"

"Nameza, daktari."

"Leo umemeza?"

"Viwili, saa kumi na mbili kamili. Siwezi kuja kwa daktari sijameza. Ni kama kwenda kanisani hujaoga."

"Mama, damu tunaitaka kabla hujameza cha asubuhi. Tulishasema." Alisugua paji la uso. "Basi, nitaandika saa uliyomeza. Tuitoe hivyohivyo."

Wakati wanamfunga mkono nikamuuliza daktari imekuwaje kidonge kimoja kimfanye mtu mzima aanguke juu ya maua.

"Unaijua mashine ya kusaga?" akaniuliza. "Ukimpelekea msagaji debe mbili, anasaga. Debe tatu, anasaga. Lakini ana mwisho wake. Ukishafika mwisho, ukiongeza hata kikombe, mahindi hayasagwi, yanajaa sakafuni. Ini linaifanyia dawa hii hivyohivyo. Ndiyo maana tunapima, hatukisii. Lakini hata hivyo..." Alitazama kadi tena. "Kutoka sita mpaka hali hii, kwa kidonge kimoja? Sijui. Damu inakwenda maabara Mbeya, majibu Ijumaa. Msirudi kijijini. Na mama, mpaka Ijumaa usimeze hata kimoja. Umenisikia? Hata kimoja."

"Nimesikia."

Tulilala kwa Shangazi Luciana, binti yake Bibi, anayeuza mchele wa Mtowisa sokoni Sumbawanga. Shangazi aliisoma barua yangu ya shule, akaikunja, akasema tutaongea, akaenda sokoni. Alhamisi nzima nikabaki mlinzi. Niliketi mlangoni nikitazama bodaboda zinavyopita, nikiwaza kwamba kule bwenini sasa hivi wanakula maharage, na kwamba hakuna aliyewahi kuyakumbuka maharage yale kwa mapenzi kama mimi siku ile. Kumlinda mtu mzima ni kazi ya kuchosha kuliko kulima. Ukimfuata chooni anakutukana. Usipomfuata unasikia kishindo.

Saa saba mchana niliingia ndani bila hodi. Bibi alikuwa amekaa kitandani, kikombe cha maji mkono mmoja, na mapajani kopo la siagi lenye vidonge. Alikuwa anautafuta mdomo wake kwa kidonge, na kidonge kilikuwa kinaelekea sikioni.

"Bibi! Daktari amesema hata kimoja!"

"Amesema vile vyake. Vile vya kwake sijavigusa, viko kwenye mfuko wake wa karatasi, nenda kahesabu." Alisema kwa heshima kubwa ya mtu anayetii sheria. "Hivi ni vya Kwaresima."

Nilikaa chini.

Alinieleza polepole, akipumzika katikati ya maneno. Mwaka huu kuanzia Jumatano ya Majivu aliamua kwenda misa ya alfajiri kila siku. Yeye alifundishwa utotoni kwamba anayekomunika haweki kitu mdomoni tangu usiku wa manane, hata tone la maji. Kidonge kilipangiwa saa kumi na mbili, na saa kumi na mbili ndiyo saa ya kwenda misa. Akirudi saa imepita, na daktari alisema saa isipitishwe, kwa hiyo asubuhi hamezi kabisa. Lakini kutupa dawa ni dhambi, wakati kuna watu hawana. Akaviweka kwenye kopo, kimoja kimoja, na baada ya kuongezewa, viwili viwili. Pasaka ilipopita akaacha misa za kila siku, akarudia vinne vyake. Na kila mchana akawa anaongeza kimoja, siku nyingine viwili, kutoka kwenye kopo.

"Kwa nini, Bibi?"

"Nilivyopewa vilikuwa vya kumezwa. Namalizia."

Nilipiga hesabu. Kila alipokosa kidonge, damu ilidanganya. Daktari akaiamini damu, akaongeza. Halafu Bibi akameza kila kitu pamoja na viporo. Mimi na foleni yangu ya chupa za soda tulikuwa wanafunzi wa chekechea mbele ya mwanamke huyu, na alikuwa amefanya yote bila hata kukusudia kumcheka mtu.

Nilimnyang'anya kopo. Aliniita mwizi. Nikamwambia kesho namweleza daktari.

"Utasema nini? Kwamba nilimdanganya?" Sauti yake ilishuka. "Miaka mitatu, Zenon, kila siku saa kumi na mbili, kila siku saa kumi na mbili. Nalala na saa, naamka na saa. Nimechoka. Zile asubuhi za Kwaresima nilikuwa natoka nyumbani nikiwa mtu tu. Si mgonjwa. Mtu anayekwenda kanisani." Alijilaza akageukia ukutani. "Ukisema, nitakukana."

Na alinikana. Ijumaa Daktari Ndalahwa alitoa karatasi akaiweka mezani bila haraka.

"Thelathini na nane," alisema. "Hata tukisema umemeza asubuhi ile, ni nyingi mno. Sasa mnisaidie. Vidonge vitatu vilikuwa vichache. Vinne vimezidi hivi. Nikikurudisha kwenye vitatu utaanguka. Nikikuacha kwenye vinne utakufa. Nikupe nini?"

Hapo nikasimama, nikaweka kopo la siagi mezani, nikaeleza yote, tangu Majivu mpaka Pasaka. Nilieleza vizuri. Ni hotuba ya kwanza maishani mwangu ambayo haikuwa na uongo ndani yake, na labda ndiyo maana ilisikika vibaya.

Bibi alisubiri nimalize. Akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa barua yangu ya shule. Sijui aliichukua lini kwa Shangazi.

"Soma, daktari."

Daktari akasoma. Akanitazama. Akasoma tena. "Mkojo kwenye chupa za soda?"

"Tisini na wawili," nikasema. Mtu asibaniwe hesabu yake.

"Ndiyo huyo anayenisemea," Bibi akasema. "Kopo hilo atakuwa amelijaza mwenyewe. Mimi nameza kama nilivyoandikiwa."

Nje mtoto alikuwa analia kwa sababu ya sindano, na nilimwonea wivu kwa kuwa na tatizo dogo vile. Daktari aliisukuma barua pembeni, akachukua kalamu. Hakuonekana kukasirika. Alionekana mtu ambaye ameshakaa mbele ya watu mia wanaomwambia wanameza.

"Sawa, mama. Kama unameza kama nilivyoandika, basi inabidi nitafute sababu nyingine. Kuna vitu vinapandisha dawa hii. Nauliza kila mgonjwa, usiudhike. Pombe unatumia?"

"Situmii."

"Hata kidogo? Ya ulezi? Kijijini hakuna aliyekuona unayumba?"

Bibi alivuta kitenge, akafunika mkono wake wa kushoto.

"Kijana, watu wanasemaje huko?"

"Wanasema anakunywa," nikasema. Ilikuwa kweli.

"Basi naandika kwamba inawezekana ni pombe, tunapunguza dawa na tunaangalia." Kalamu ikagusa karatasi.

"Usiandike."

Bibi alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, na kitenge kikamteleza, kovu likaonekana.

"Usiandike hilo kwenye kadi yangu. Sijanywa. Tangu mwaka wa tisini na nane sijanywa. Andika kwamba nilifunga. Andika nilikuwa siwezi kukomunika na kidonge mdomoni. Asubuhi zote, siku zote arobaini na zaidi. Na hivyo vya kopo nilivila baadaye. Mtoto amesema kweli." Akanigeukia kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyemponza kwa kusema kweli siku ambayo hakuitarajia. "Andika, daktari. Mwongo ni mimi."

Daktari alikata alichokwisha kukianza. Akaandika mistari miwili. Kisha akavuta kopo, akamwaga vidonge mezani, akaanza kuvisogeza kwa ncha ya kalamu huku akinong'ona hesabu.

"Kwa hiyo wakati ule wa sita, ulikuwa unameza viwili vya jioni tu."

"Viwili tu."

"Basi vitatu havikuwa vichache. Hatujawahi hata kuvijaribu vitatu." Aliegemea kiti, akafumba macho kidogo. "Mama, mimi nilikuwa napima Kwaresima yako."

Alimpa masharti. Asimeze kidonge mpaka Jumanne, arudi apimwe. Ikishuka, aanze vitatu, vyote jioni baada ya chakula, asubuhi ibaki yake. Bibi aliuliza mara mbili kama ni kweli asubuhi hakuna kidonge. Ni kweli, daktari akasema, dawa hii inaruhusu, ungeniuliza tu. Kopo lilibaki mezani kwake. Barua yangu ilirudishwa kwangu, na daktari akasema nikimaliza shule nije nimsaidie kupanga foleni.

Jumamosi nilimwambia Bibi abaki kwa Shangazi. Mzee Valerian angeweza kueleza. Daktari angeweza kuandika barua.

"Barua," Bibi alisema. "Familia hii imeshakuwa na barua za kutosha."

Tukapanda bodaboda tena, naye katikati tena, Yesu wangu kila kona. Jumuiya ilikuwa imekaa uani kwa Mama Anjela, watu kama ishirini, wengi wao akina mama, kwenye mabenchi na mikeka. Tulipoingia mazungumzo yalikatika. Bibi alikuwa bado anayumba, maana dawa haitoki mwilini kwa siku moja, na hatua zile kumi kutoka getini mpaka mbele zilikuwa ndefu. Alikataa mkono wangu. Wale wawili aliowatoa uongozini walikaa mstari wa mbele, wametulia sana, wameoga vizuri.

Hakuomba kiti.

"Mnaniona ninavyotembea," alisema. "Si pombe. Ni dawa ya kifafa." Neno hilo sijawahi kumsikia akilitamka. Nyumbani tunasema ile hali. "Imejaa kwenye damu, wamepima, thelathini na nane, inatakiwa isizidi ishirini. Imejaa kwa sababu yangu. Kwaresima nilikuwa simezi asubuhi, nisivunje mfungo wa komunio. Halafu nikawa navila viporo juu ya vya kila siku. Daktari nilimwambia nameza." Aliwatazama wale wawili. "Uongozi nauacha. Si kwa pombe. Kwa kudanganya. Nilitaka tu msikie kutoka kwangu."

Mmoja wa wale wawili alifungua mdomo, akaufunga. Bibi alimgeukia Mzee Valerian.

"Katekista, niambie mbele ya watu. Kidonge kinavunja mfungo?"

Mzee Valerian alivuta koti lake. "Hakivunji, Mama Silvana. Dawa haivunji. Wala maji hayavunji. Na mfungo wenyewe ni saa moja tu siku hizi."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Kabla mwanao mkubwa hajazaliwa."

"Na hukuwahi kusema?"

"Hakuna aliyeuliza," alisema, akitazama viatu vyake.

Bibi alikaa chini, hapohapo kwenye mkeka, mzito, kama mtu aliyetua kuni. Nilidhani atalia au atamtukana. Alikuwa amechoka mno kwa vyote viwili. Kuku alipita katikati ya mkutano, na watu wote wakamtazama kwa shukrani.

Kisha kutoka benchi la nyuma, Mama Anjela mwenyewe, mwenye nyumba, akakohoa. Alikuwa anakunja na kukunjua pindo la kanga.

"Katekista," alisema. "Na za presha je?"

Akina mama wanne wakainua vichwa kwa pamoja.